Mguu Wangu Ulivyowekwa Rehani kwa Wakili

Huu ni wangu mwenyewe, siyo wa plastiki. Gonga uone. Gonga, usiogope, hauumi siku hizi, labda baridi ya mwezi wa saba ishuke kutoka mlimani na mimi nimesahau soksi. Najua ulitaka kuuliza. Kila aliyelazwa wodi ya mifupa ananiangalia sketi kwanza, uso baadaye. Haya, umeshajibiwa, sogea nikae.

Mimi kuandika sijui. Shule niliiona kwa nje tu, napita na mkungu wa ndizi kichwani. Naongea, atakayeandika aandike, na asininyooshee maneno. Nasema kwa ajili yako wewe uliyening'inizwa mguu kama nyama ya buchani. Habari za mfupa utaambiwa na daktari. Habari za wanaokuja daktari akishaondoka, hizo hakuna wa kukuambia, basi nitakuambia mimi.

Nilikuwa nimeshuka mjini kwa mwanangu Elibariki, anakaa Kijenge. Asubuhi hiyo naenda Sokon One kumwona dada yangu, gari dogo la kubeba vifaranga likanipitia. Maumivu hata sikuyasikia mwanzoni, nilisikia vifaranga. Boksi limepasuka, barabara yote ya njano, piu piu piu, watu wanakimbizana kuokota, na mimi nimelala pale mfupa unanichungulia. Mpaka mama mmoja akasema, "Jamani, kuna na bibi hapa!" Kuna na bibi. Utafikiri na mimi nilidondoka kwenye boksi.

Mguu wa kushoto, chini ya goti. Wakanitia chuma ndani. Masika ndiyo yameanza, mvua inapiga bati la wodi usiku na mchana, na mimi nimelala chali sijui hata kama migomba yangu kule juu imesimama au imelala kama mimi.

Sasa wodini wanapita watu wa makanisa kuombea wagonjwa. Hawana ubaya, wengine wanaleta na sabuni. Siku moja akaja kijana amevaa shati jeupe, amebana mkoba kwapani. "Pole, mama. Pole sana, mama yangu. Pole mno, mama." Kila pole anasogea, pole ya mwisho ameshakaa kitandani kwangu. Mimi nikafumba macho niombewe. Nasubiri "Bwana asifiwe", sisikii. Nasikia kitu cha baridi kwenye dole gumba. Nikafumbua macho: wino!

"Hii sala gani ya wino?" nikamuuliza.

"Mama, ni wakili wetu anataka kukupigania. Wenye gari wana bima, watalipa. Wewe hutoi kitu. Ukishinda, yeye anachukua chake kidogo, na wewe unakula chako."

Nikawaza. Sisi Wameru hilo tunalijua. Una ng'ombe, malisho huna, unampa mtu amtunze. Yeye anakamua maziwa, ndama akizaliwa mnaelewana, ng'ombe anabaki wako. Nikaona kesi ni ng'ombe, wakili ni mtunzaji. Nikampa dole. Hakunidanganya sana, nisimsingizie. Nilijidanganya mwenyewe kudhani watu wa mjini wanajua kutunza ng'ombe.

Huyo kijana nikamwita Bwana Pole. Bosi wake nilipomwona nikamwita Bwana Kisheria, utajua kwa nini.

Nilipotoka hospitali na magongo, Elibariki akanipeleka ofisini kwa huyo Bwana Kisheria. Wewe sikia: wakili wa waliovunjika miguu, ofisi yake ghorofa ya tatu, na lifti mbovu. Nilipanda zile ngazi kwa makalio, ngazi moja moja, kitenge kinafagia. Nikafika juu natweta. Bwana Kisheria akatabasamu, ana meno mazuri, sitamnyima hilo. "Shikamoo, mama. Kisheria umefanya vizuri sana kuja. Kisheria nitahitaji nyaraka zote." Akachukua karatasi ya polisi, kadi za hospitali, na ile bahasha kubwa ya picha za mfupa. Hata hakuifungua azitazame kwenye mwanga. Akaitupia kwenye kabati la chuma, akazungusha ufunguo, kra. "Kisheria sasa tusubiri."

Tukasubiri. Mahindi yakatoka, yakapaliliwa, yakatoa mbelewele. Mguu wangu nao ukatoa vyake.

Ulianza kwa joto. Halafu ngozi ikawa inang'aa kama bilinganya. Halafu siku moja naamka, shuka limelowa, nikadhani nimekojoa, aibu imenishika, kumbe ni kidonda kimefungua mdomo kinatoa maji. Na harufu. Usikubali mtu akuambie kidonda hakina harufu, anakupenda tu huyo. Yangu ilikuwa inatangulia sebuleni kabla yangu. Wajukuu wakawa wanabeba sahani zao kula nje. Wananiita "koko", yaani bibi, kwa heshima zote, huku wanarudi kinyumenyume.

Na nilikuwa kwenye nyumba ya mkwe. Mke wa Elibariki anaitwa Upendo, na aliyempa hilo jina alikuwa na utani. Mchaga wa Machame, ana kibanda cha kutuma pesa, hana maneno mengi, lakini yale machache anayanoa kwanza. Kila asubuhi kabla hajafungua kibanda, na kila jioni akirudi, anakuja na beseni la maji ya chumvi. "Mama, inua. Mama, shikilia. Mama, acha kelele, sijafika bado." Nalia, namtukana kwa Kimeru, namwambia ana mikono ya kuchuna ng'ombe. Yeye anakamua usaha tu. Siku moja nikamwambia chai yake haina majani, akajibu, "Mama, tumshukuru Mungu. Mdomo haukuvunjika."

Hatukupendana. Usitegemee nikuambie tulikumbatiana. Nilimchukia kwa kuwa aliniona uchi, na yeye alinichukia kwa kuwa nilikaa kwenye kochi lake jipya na kidonda. Mwanangu katikati, shingo inageuka huku na huku.

Kliniki ya mifupa nikawa mwenyeji. Lile benchi la mbao mnakaa kwa mpangilio, mmoja akiitwa wote mnasogeza makalio, mpaka sketi inapauka kwa nyuma. Pale nilimpata mzee mmoja wa Kihindi, familia yake wana duka la vitambaa Kaloleni tangu babu zake, mguu mmoja umeshakatwa kwa ugonjwa wa sukari. Mimi kila mtu namwigiza, nikajiandaa kumwigiza na yeye. Akafungua mdomo: "Shikamoo, dada yangu. Hali ya hewa imetufanyia kiburi leo." Kiswahili kimenyooka kuliko changu! Nilikosa cha kuiga. Alikuwa anakuja na chupa ya chai ya tangawizi, ananimiminia kwenye kifuniko, ananiambia, "Mguu ukiondoka, dada, unaendelea kuwasha. Ndiyo dharau yake hiyo." Nilicheka nikalia. Huruma ndogo ndogo za hivyo ndizo zilizonishikilia, kuliko vidonge.

Daktari alikuwa kijana, anaongea anaangalia ukuta. "Bibi, chuma kimeshika uchafu. Mfupa unaoza kimya kimya. Kitoke, mfupa usafishwe. Tufanye kabla ya masika. Ukivuka masika, sitakuambia tutoe chuma, nitakuambia tutoe mguu. Na niletee picha zako za mwanzo, nataka kulinganisha."

Masika! Tena nilikuwa na muda wa kutosha, vuli haijaisha. Picha ziko kwa Bwana Kisheria. Hela ya upasuaji iko kwa watu wa bima. Na wa kuitoa huko ni huyo huyo Bwana Kisheria.

Nikapanda zile ngazi tena kwa makalio. Dada wa mapokezi anajipaka rangi ya kucha: "Bosi yuko mahakamani." Na mimi namsikia bosi anakohoa nyuma ya mlango. Nikarudi siku nyingine: "Bosi yuko semina." Semina inakohoa. Nikamwambia, "Mwanangu, mpe hiyo semina dawa ya kifua." Mara ya tatu akatoka mwenyewe, anafunga koti. "Mama, kisheria haya mambo hayaendi kwa haraka. Bima sijawaandikia tena kwa sababu kisheria kuna gharama." Barua aliandika moja. Moja! Tangu mahindi yapandwe.

Basi ikafika sikukuu ya mavuno kanisani. Unajua sisi Walutheri, ibada ikiisha tunatoka nje kwenye mnada. Aliyeleta kuku, aliyeleta ndizi, maharage, mayai, vyote vinanadiwa pale kwenye nyasi, hela inaenda madhabahuni. Na wenye nafasi zao wanapenda sana kuonekana pale. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki na kidonda changu, mzee wa kanisa ameinua jogoo mwekundu, anapiga kelele, "Nani anamtaka huyu bwana harusi?" Bei inapanda. Nasikia sauti nyuma naijua. Ni Bwana Kisheria! Suti ya kijivu, anapandisha bei ya jogoo peke yake, kila akiongeza anaangalia nani anamwona. Jogoo akafika bei ya mbuzi. Watu wanapiga makofi.

Mimi damu ikachemka. Huyu ndiye hana hela ya kuandika barua?

Nikasimama na magongo. Kwetu mtunzaji akimshindisha ng'ombe wako njaa, unamfuata hadharani, unamshika ng'ombe kamba mbele ya watu, unaondoka naye. Halafu imekwisha. Hakuna wa kudai maziwa ambayo hakuyakamua. Nikasema kwa sauti yote, na sauti ninayo: "Wewe wakili! Kuanzia leo kesi yangu siyo yako. Naichukua. Nyie wote mmesikia!" Mzee wa kanisa akabaki na jogoo juu. Bwana Kisheria akatoa meno yake. "Mama, ya kazini tusiyalete nyumbani kwa Bwana." Akalipia jogoo, akaondoka.

Nikarudi Kijenge, nikalala usingizi mzuri. Nikajua nimemaliza.

Elibariki akatafuta wakili mwingine, binti mmoja mwembamba ana ofisi Kaloleni, chini kabisa, hata kizingiti hakuna. Huyo aliufunua mguu wangu, akauangalia, akaziba pua, akasema, "Samahani, bibi, lakini lazima nijue naandika nini." Nikampenda kwa kuziba pua. Akawaandikia bima, akawafuata, akawaganda kama kupe. Kabla ya Krismasi bima wakasema sawa, tutalipa.

Sasa ndiyo Bwana Kisheria akakumbuka ana mteja. Akapeleka barua bima: msitoe chochote, huyu mama ni wangu, nina theluthi yangu, na gharama, na usumbufu. Bima wakashika hela, wakasema malizaneni kwanza. Binti wakili akamwambia, bibi alishakuacha. Akajibu, "Kisheria wakili haachwi kwa makelele. Nioneshe karatasi." Tukaenda kuomba hata zile picha. "Kisheria nina haki ya kuzishikilia mpaka nilipwe." Akagonga lile kabati kwa kiganja, pa pa, taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake mwenyewe.

Binti wakili hakunificha. Aliniambia, "Bibi, kumwacha una haki. Lakini ungeniambia mimi kwanza, ningekuandikia mistari miwili, tusingefika hapa." Na wewe mwenye mguu juu, sikia hilo. Maneno ya mnada yanatosha huku kwetu mlimani. Mjini andikisha.

Hicho kipindi ndicho nilichokonda. Januari jua linachoma, mfupa unatoa vipande vidogo vidogo kwenye kidonda, Upendo anaviokota kwa pamba. Homa inakuja jioni, meno yanagongana. Nakaa barazani naangalia juu mlimani, nikiona wingu limekaa Meru roho inaruka, nadhani masika yamewahi. Watu wote wanaomba mvua, mimi peke yangu naomba jua. Niliwaombea mabaya wakulima wenzangu, Mungu anisamehe, au asinisamehe, ilikuwa mguu wangu.

Mwanangu akalegea. "Mama, tumpe anachotaka. Mama, yaishe. Tuuze shamba la juu, lile la migomba, tumlipe, bima watoe, ukapasuliwe." Nikamwambia, "Shamba alilonipa baba yako nimpe mtu anunulie majogoo?" "Mama, wataukata!" "Wakate!" Nikasema hivyo kwa mdomo. Usiku ule nililala nimeushika kwa mikono miwili.

Tulipokuwa tunabishana hivyo, Upendo alikuwa anasuuza beseni. Aliligonga tu kwenye sinki, ngaa, mwanangu akanyamaza.

Binti wakili akapeleka ugomvi mahakamani, kwa mama mmoja ambaye kazi yake ni kupima ada za mawakili zikigombaniwa. Nikuambie kabisa yaliyofuata baadaye, ili nisiyarudie. Bwana Kisheria alipata ujira wa ile barua yake moja, basi, na kabati likafunguliwa. Bima wakatoa hela. Nilipasuliwa mawingu ya kwanza ya masika yanajikusanya, chuma kikatoka, mfupa ukasuguliwa, nikachomwa sindano mpaka makalio yakawa kama ungo. Baridi ya mwezi wa sita ilinikuta natembea na gongo moja. Nikarudi kwangu juu. Migomba ilikuwa imesimama. Kiatu cha kushoto, kile kilichokaa bila kuvaliwa, sasa ni kipya kuliko mwenzake, navaa hivyo hivyo.

Sasa sikia siku yenyewe.

Chumba kidogo, feni haizunguki. Yule mama wa mahakama amekaa na miwani puani, kama hasikii. Mimi nimekaa nimejifunga kitenge mpaka chini, kimefunika miguu yote, maana niliona haya ya harufu. Wakati huo hospitali walishaninyang'anya gongo moja, walisema nijifunze kutembelea moja. Na gongo likiwa moja unalishika kwa mkono wa upande usio na kidonda. Ndivyo walivyonifundisha. Nikaliegemeza hapo hapo upande wangu wa kulia. Elibariki kwenye benchi, anang'ata kucha. Upendo kasimama mlangoni, amefunga kibanda siku nzima, hakuna aliyemwomba aje.

Bwana Kisheria akasimama kwa suti ile ile ya jogoo. Ungemsikia! "Mheshimiwa, kisheria mimi nimemhangaikia huyu mama kuliko mama yangu mzazi. Nimemtembelea wodini si mara moja. Nimemshauri, nimeulilia huu mguu. Nimeuona kwa macho yangu ulivyoharibika."

Mama wa mahakama akauliza, "Na hili la kwamba alikuacha mbele ya kanisa?"

"Mheshimiwa, pale palikuwa na mnada. Kelele tupu. Mimi nilidhani mama anapandisha bei ya jogoo."

Watu wakacheka. Hata mwanangu akacheka, mjinga yule. Mimi nikasonya mpaka binti wakili akanifinya. Nikaona sasa basi, huyu ana meno na ana maneno, mguu wangu umeenda.

Mama wa mahakama akavua miwani. Akaifuta polepole kwa ncha ya mtandio. "Wakili, umesema umeuona."

"Kwa macho yangu, mheshimiwa."

"Ni upi?"

"Samahani?"

"Mguu. Ni upi?"

Bwana Kisheria akaniangalia usoni, mimi nikamchekea kama mkwe mwema. Akaangalia kitenge, kitenge hakisemi. Akaangalia chini, akaangalia gongo. Nikaona macho yake yametulia. Akajiweka sawa koti.

"Wa kulia, mheshimiwa."

Binti wakili akafungua mdomo, lakini hakuwahi. Ile sauti ilitoka mlangoni, kavu, haikupandishwa hata kidogo, sauti ninayoijua kila asubuhi na kila jioni juu ya beseni.

"Ni wa kushoto. Mimi ndiye ninayeuosha. Ada yako kaudai huo wa kulia."